Barua ya wazi kwa waajiri: miezi mitatu ya taarifa ni yenu

Kwa wakurugenzi, mameneja na maafisa utumishi wa kampuni binafsi nchini,

Yah: Maandalizi ya likizo ya uzazi

Habari za kazi. Nawaandikia nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi katika kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa jijini Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Nyerere. Cheo hicho hakina mshahara. Kazi inayonilipa ni ukarani wa malipo, lakini kwa sababu ya hicho cheo, barua za wenzangu wajawazito hupita kwangu kabla hazijafika kwa afisa utumishi. "Dada, hebu nipitishie macho, nimekosea wapi?" Mara nyingi hawajakosea popote. Ni barua zenye adabu kuliko zote zinazoandikwa pale ofisini: mtu anadai haki yake kwa "naomba" tatu na "natanguliza shukrani" moja, na bado anaikunja mara mbili ili anayepita asiione.

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakimtaki anyenyekee namna hiyo. Kinamtaka atoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Basi.

Sasa nina swali ambalo sijasikia mwajiri akilijibu. Hiyo miezi mitatu iliwekwa kwa faida ya nani? Mama haihitaji. Mimba anayo yeye, na tarehe imeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki tangu hudhurio la kwanza. Anayeihitaji ni mwajiri: atafute wa kukaimu, amfundishe, apange fedha, ajue mama atarudi lini na akirudi atakuwa katika hali gani. Sheria imewapa nyinyi robo nzima ya mwaka ya kujipanga. Nimeona barua nyingi zikipokelewa, na karibu kila mara robo hiyo inapotea hivi hivi.

Niwaeleze inavyopotea. Kuna dada tulikuwa naye stoo. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anaweza kulinganisha leja na hati za kupokelea mzigo mwisho wa mwezi bila kuacha tofauti. Barua yake ilifika mapema kuliko sheria inavyotaka. Ikagongwa muhuri wa "imepokelewa", ikaingia kwenye faili lake, faili likarudi kabatini. Hakuna aliyemjibu. Mwezi wa mwisho akamwuliza meneja amkabidhi nani kazi, akaambiwa "tutaliangalia". Siku yake ya mwisho alikuja na kandambili kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, viatu havimwingii. Alichukua karatasi iliyochapwa vibaya, akaandika nyuma yake neno la siri la kompyuta, namba ya dereva wa lori la Morogoro na jina la mteja mmoja wa Kariakoo mwenye tabia ya kukana mzigo aliopokea, halafu akaibandika kwenye kioo cha kompyuta kwa selotepu. Hayo ndiyo yalikuwa makabidhiano ya mtu anayeshika stoo ya kampuni nzima.

Wiki ya pili baada ya kujifungua simu zikaanza. Mwanzoni zilikuwa za upole: "Hongera mama! Mtoto hajambo? Samahani kidogo, ile invoisi ya wale watu wa Tabata iko faili gani?" Baadaye upole ukaisha. Ilipofika tarehe ya kufunga mwezi, kompyuta ya ofisi ilipelekwa kwake na bodaboda. Alijifungua kwa upasuaji. Alifunga mwezi amekaa kitandani, mto tumboni kuukinga mshono, kompyuta juu ya stuli, na mama yake mzazi amesimama mlangoni na bakuli la mtori akiuliza hao watu wa kazini wana akili gani.

Kifungu kile kile kinasema mwajiriwa hatafanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Sijaona mahali panaposema "isipokuwa kwa WhatsApp". Kufunga hesabu za mwezi ni kazi. Kujibu meseji kumi na tano za wateja ni kazi. Na meneja aliyewahi kusema "ni dakika mbili tu" ajue kwamba mzazi wa wiki mbili hizo dakika mbili hana, akizipata, analala.

Nije kwenye hesabu, maana najua nazungumza na watu wa hesabu.

Likizo ni siku 84 zenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo. Anaruhusiwa kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio. Akifanya hivyo, siku 28 zimekwenda, zimebaki 56. Maana yake anarudi kazini mtoto ana wiki nane, umri ambao ndio kwanza anaanza kumchekea mama yake. Na tarehe ya matarajio ni makadirio: mtoto akichelewa wiki moja, ni mama anayeilipia. Kwa hiyo kina mama wengi hawaigusi ile nafasi ya wiki nne. Wanaendelea kuja kazini, wanapanda ngazi wakishikilia ukuta, wanagombea daladala asubuhi, mpaka uchungu uwakute mezani. Halafu kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka mkurugenzi anasimama na kumsifu mmoja wao kwamba "alichapa kazi mpaka siku ya mwisho". Tunapiga makofi. Yule dada alikuwa anaokoa siku za kukaa na mwanawe, hakuwa anaonyesha uchapakazi.

Hapa pana jambo ambalo lingeweza kupangwa ndani ya ile miezi mitatu na haligharimu kitu kipya. Mfanyakazi ana siku 28 za likizo ya mwaka. Mkikaa naye mapema mkakubaliana azitumie zote, au sehemu yake, kabla ya kujifungua, atapumzika bila kuzigusa zile 84. Anayetaka kuziunganisha mwishoni naye asikilizwe. Ila lazima iwe ni kwa kukubaliana, kwa sababu sheria inamkataza mwajiri kumpa mtu likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine anayostahili. Nasema hivi kwa kuwa bado tunasikia maneno ya "umeshapumzika miezi mitatu, likizo ya mwaka ya nini tena?" Anayeliita lile ni pumziko ajaribu kuamka saa saba usiku, saa tisa na saa kumi na moja kwa wiki kumi na mbili mfululizo, kisha aje tuzungumze.

Isitoshe, 84 ni kiwango cha chini. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataja wiki 14, yaani siku 98. Hakuna afisa kazi atakayemtoza mwajiri faini kwa kutoa siku 98. Na kwa wale ambao sera zenu za ndani zilichapwa zamani na hazijafunguliwa tangu hapo: sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho mwaka 2025, na mama aliyejifungua mtoto njiti sasa ana muda wa nyongeza. Msisubiri apatikane wa kwanza ndipo muanze kutafuta nakala.

Najua gharama ni jambo la kweli. Mshahara wa hizo siku unatoka mfukoni mwa kampuni, na kampuni yenye wafanyakazi sita inayomlipa aliye nyumbani na anayemkaimia inaumia. Sitajifanya siioni. Lakini gharama inayojulikana miezi mitatu kabla ni bajeti. Ikijulikana siku yenyewe ndipo inakuwa janga. Na kuna fedha ambazo mama mwenyewe angezipata lakini nyinyi ndio mnaozifungia njia. Mwanachama wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, aliyechangia angalau miezi 36, ikiwemo 12 ndani ya miezi 36 ya kabla ya kujifungua, ana fao la uzazi. Wapo wanaokatwa kwenye mshahara kila mwezi, slipu inaonyesha, lakini wakienda kuulizia wanakuta miezi imeruka kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mtu akileta barua ya uzazi, jambo la kwanza la ofisi ya utumishi liwe kuangalia michango yake na kuwasilisha iliyobaki. Asigundue pengo akiwa na kichanga mgongoni kwenye foleni.

Sasa makabidhiano, ambayo kwangu ndiyo kiini cha barua hii. Ninachokiomba si kikubwa. Barua ikifika, ijibiwe kwa maandishi, na jibu liwe na vitu vitatu: tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi, na jina la atakayekaimu. Kaimu akae na mwenye kazi mapema kiasi cha kushuhudia mwisho wa mwezi mmoja mzima akiwa anatazama, na mwisho wa mwezi wa pili akiufanya yeye huku mwenye kazi anatazama. Pale stoo yetu hilo peke yake lingetosha. Ile kompyuta isingepanda bodaboda. Kwenye kazi nyingine mwezi hausemi chochote, kinachosema ni msimu, zabuni, au ukaguzi wa hesabu. Mwenye kazi anajua. Muulizeni.

Na kaimu alipwe. Hili nalirudia kila kikao na kila kikao linaandikwa chini ya "mengineyo". Desturi iliyopo ni kwamba mtu akienda kujifungua, kazi yake inagawanywa kwa waliobaki bila nyongeza, bila barua, bila tarehe ya mwisho. Meneja anasema "tusaidiane". Wiki ya kwanza watu wanasaidiana kweli. Wiki ya tano wanaondoka ofisini saa mbili usiku na hasira imeshatafuta mtu wa kumwangukia, na haimwangukii meneja. Inamwangukia aliyeko nyumbani na mtoto. Ndipo msichana mwingine akianza kutapika asubuhi, unasikia kantini: "Naye huyu tena?" Nimemsikia mwanamke mwenye watoto wanne akisema maneno hayo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka na kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja. Mnatuma watu kwenye semina za mshikamano kazini, mnawanunulia fulana. Posho ya kukaimu ingefanya zaidi.

Kwa viwanda, hoteli na kampuni za ulinzi nina neno fupi tu, kwa sababu sheria iko wazi na kinachokosekana ni utii: mjamzito hapangiwi kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi katika miezi miwili ya kabla ya kujifungua, wala mzazi katika miezi miwili ya baada yake. Barua ya uzazi ikifika kwa afisa utumishi, nakala imfikie anayepanga zamu. Tunajua huwa haimfikii.

Halafu kuna wale ambao hata barua hawathubutu kuandika: wenye mikataba ya miezi mitatu mitatu. Hawa huwaona wakivaa masweta mapana katikati ya Februari, joto la Dar linavyojulikana. Wanajua tumbo likionekana mkataba hautahuishwa, na hakuna atakayetamka sababu. Ataambiwa "tumepunguza watu". Sheria inasema mwenye chini ya miezi sita kazini hana likizo hizi, lakini inaendelea kusema kwamba aliyeajiriwa zaidi ya mara moja na mwajiri yule yule ndani ya mwaka, jumla ikizidi miezi sita, anastahili. Kukatakata mkataba vipande hakuwaondolei wajibu kama mnavyodhani. Na kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito ni kosa, hata sababu iliyoandikwa kwenye barua ikiwa nyingine.

Hapa niwageukie kidogo mlio Idara ya Kazi, maana nanyi mna mamlaka katika hili. Anayeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hebu mfikirieni aliyepokea barua ya kuachishwa wiki aliyojifungua. Siku 30 hizo anazimaliza ndani, kwa wengi wetu hata arobaini haijatimia, mtoto hajatolewa nje. Ndiyo, anaweza kuomba kuongezewa muda na kutoa sababu. Lakini nani amemwambia? Mkija kukagua maeneo ya kazi mnaomba kuona mikataba na daftari la mahudhurio. Ombeni pia barua zote za taarifa ya uzazi za miaka mitatu, na majibu yake. Mkikuta barua kumi na jibu moja, mtakuwa mmeshaelewa mpo mahali pa namna gani.

Kurudi kazini nako kupangwe kabla ya kuondoka. Sheria inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Ni saa nzuri kwa aliyepanga nyuma ya ofisi. Kwa anayekaa Chanika au Mbagala Rangi Tatu, saa mbili zinaishia kituoni. Mtoto anakuwa na dada wa kazi upande mmoja wa jiji, maziwa yanachuruzika upande mwingine. Kwa hiyo anakamua. Anakamulia wapi? Chooni, amesimama, kwa sababu hapana pa kukaa panapostahili, chupa ameishika kwa mkono mmoja na kitasa kwa mkono mwingine maana komeo ni bovu, na nje mtu anagonga. Kisha ile chupa anaificha ndani ya friji ya kantini, kwenye mfuko mweusi, nyuma ya soda, asije mtu akamtania. Chakula cha mtoto!

Wenzetu wa Kenya, Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 imemtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi. Sisi sheria imetupa muda, mahali haikutupa. Lakini hakuna kampuni isiyokuwa na kachumba kalikojaa maboksi ya kalenda za miaka iliyopita. Toeni maboksi. Wekeni kiti chenye mgongo, soketi, meza ndogo, friji ndogo na komeo linalofunga kutokea ndani. Asiyeweza hata hilo akubaliane na mama namna ya kuzitumia zile saa mbili: aingie saa tatu badala ya saa mbili, atoke saa kumi badala ya saa kumi na moja. Wengi ningewauliza wangechagua hivyo. Ila yaandikwe kabla hajaondoka, kwa sababu akirudi anakuta meneja mpya ambaye "hana taarifa".

Arudi pia kwenye kazi yake. Sheria inasema anarejea kwa masharti yale yale ya ajira. Kumkuta mtu mwingine kwenye kiti chake, yeye akahamishiwa "mradi maalumu" usio na bajeti wala mwisho, tunajua huo ni mlango wa kutokea. Na tathmini ya utendaji ipimwe kwa miezi aliyofanya kazi. Kumpa alama ndogo kwa robo ambayo alikuwa kwenye likizo halali, kisha kumnyima bonasi kwa alama hizo, ni kumkata mshahara kwa kuzaa.

Kuhusu kina baba, sheria inawapa angalau siku tatu, ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku ya kwanza inaishia hospitali, ya pili dukani, ya tatu wageni. Nalo hilo ni kiwango cha chini, na mwenye kampuni anaruhusiwa kuwa na moyo.

Wakati naandika haya kuna barua mbili kwenye meza ya afisa utumishi wetu. Moja ni ya msichana wa mapokezi, anatarajia mtoto wa kwanza. Nyingine ni ya dada wa idara ya mauzo mwenye wateja wa mikoa ya kusini, na msimu wa korosho utamkuta nyumbani na kichanga. Zote zimeshagongwa muhuri. Ninachosubiri kuona kwenye mafaili yao, na nitaendelea kuulizia kila Jumatatu kwa heshima zote, ni jibu lenye tarehe mbili na jina la mtu.

Wenu katika kazi,
Mwakilishi wa wafanyakazi,
Dar es Salaam